Mwendo wa wastani: namna ya kuupima na kuushika kwenye njia za shamba, Unguja na Pemba

Mshale wa spidi unakwambia gari inakwendaje sasa hivi. Haukwambii umetumia mwendo gani tangu ulipotoka Bububu mpaka ulipofika Mkokotoni, na huo wa pili ndio unaoamua utafika saa ngapi. Madereva wengi hawajawahi kuupima hata mara moja. Ndiyo maana mtu huipeleka gari 100 kwenye kipande kilichonyooka cha kilomita 10, akapita gari nne, akashuka akiamini ameokoa robo saa. Aliyekuwa nyuma yake anakwenda 80 ataingia dakika moja na nusu baadaye.

Maelezo haya ni kwa dereva wa gari ya abiria, wa watalii, wa mzigo na wa gari ya nyumbani. Kila tunapoandika 60 au 80 maana yake ni kilomita kwa saa, isipokuwa tukitaja maili.

Hesabu yenyewe

Wastani ni umbali wote ukigawa kwa muda wote. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanachukua spidi mbili, wanazijumlisha, wanagawa kwa mbili. Ukienda kilomita 10 kwa 60 halafu kilomita 10 kwa 100, wastani wako si 80. Kipande cha kwanza kimekula dakika 10, cha pili dakika 6, jumla dakika 16 kwa kilomita 20, na hiyo ni 75. Sababu ni kwamba unakaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo kuliko kwenye mwendo mkubwa, kwa hiyo mwendo mdogo ndio wenye uzito kwenye hesabu. Kila ukisimama, kila ukipanda tuta, wastani unashuka, na kukimbia baadaye hakuurudishi kama unavyodhani.

Shika hizi kichwani. Kwa kila kilomita 10:

50 – dakika 12
60 – dakika 10
70 – dakika 8 na sekunde 34
80 – dakika 7 na nusu
90 – dakika 6 na sekunde 40
100 – dakika 6

Kutoka 50 kwenda 60 unapata dakika mbili nzima. Kutoka 90 kwenda 100 unapata sekunde 40. Kila unavyozidi kuongeza, faida inapungua, na hatari inakwenda kinyume chake. Gari yenye breki nzima, njia kavu, dereva aliye macho anayechukua sekunde moja na nusu kabla mguu haujagusa breki, ikiwa 50 inasimama ndani ya mita kama 35. Ikiwa 80 inataka karibu mita 70. Ikiwa 100 ni mita 97, karibu urefu wote wa uwanja wa mpira. Njia ikiwa imelowa, ile 80 inakaribia mita 95 na ile 100 inapita 135. Mtoto anayevuka kutoka skuli hajui hesabu hizi. Wewe unazijua sasa.

Kupima njia yako

Chagua alama mbili zisizohama: kibao cha kilomita, daraja, njia panda, mnara wa msikiti. Usichague mti wala kibanda cha mbata, kesho hakipo. Kipande kiwe cha kilomita 5 mpaka 10. Kikiwa kifupi zaidi, kosa dogo la kusoma linaharibu hesabu: mita ya safari inasoma kwa sehemu ya kumi ya kilomita, na sehemu moja ya kumi kwenye kilomita 1 ni kosa la asilimia 10, wakati kwenye kilomita 5 ni asilimia 2 tu.

Ukifika alama ya kwanza, rudisha mita ya safari kwenye sifuri na anzisha saa ya kuhesabia ya simu. Simu ishikwe na konda, utingo au abiria wa mbele. Dereva anayebonyeza simu ili apime, usalama wake ameshaupoteza. Ukifika alama ya pili, simamisha saa, soma kilomita, endelea na safari. Hesabu ifanywe ukishaegesha: kilomita mara 3,600, gawa kwa sekunde zote. Mfano, kilomita 8 kwa dakika 7 na sekunde 20. Sekunde ni 440. 8 mara 3,600 ni 28,800. Gawa kwa 440, unapata 65.

Sasa muulize dereva alidhani alikuwa anakwenda ngapi. Karibu kila mmoja atataja spidi kubwa aliyoiona kwenye mshale, kwa sababu hiyo ndiyo inayobaki kichwani. Atataja 85 au 90. Tofauti baina ya jibu lake na ile 65 ndiyo somo lote, na tunashauri kila mwenye gari amfanyie dereva wake jaribio hili kwa heshima, bila ya kugomba.

Pima kipande kimoja mara tatu: asubuhi, mchana, na jioni watu wanaporudi shamba. Ukitaka kupanga safari, chukua matokeo mabaya kuliko yote. Matokeo mazuri ni ya siku njia ilipokuwa tupu.

Mshale wa spidi husema kweli?

Mara nyingi unazidisha, na umetengenezwa uzidishe. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipima mwendo, namba 39, hairuhusu mshale uonyeshe chini ya mwendo wa kweli, lakini inauruhusu uzidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo gari mpya ikionyesha 80 huenda kweli inakwenda 75 au 76.

Kuujaribu ni rahisi. Tafuta kilomita moja ya tambarare isiyo na tuta. Shikilia mshale kwenye 60 tangu kabla ya alama ya kwanza mpaka baada ya alama ya pili. Kilomita moja kwa 60 ni sekunde 60. Ukitumia sekunde 64, mwendo wa kweli ni 56. Ukitumia 57, mwendo wa kweli ni 63, na mshale wako unapunguza. Hilo ni jambo la kulishughulikia siku hiyo hiyo.

Mshale ukipunguza, kwanza tazama tairi. Gari zetu nyingi zimekuja zimeshatumika, na wengi huzifungia tairi kubwa kuliko za kiwandani ili ziinuke kwenye njia mbovu. Gari iliyotengenezewa tairi 195/65 R15 ina gurudumu la kipenyo cha milimita 634 au 635. Ukiifunga 205/70 R15, kipenyo kinakuwa 668. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mbele zaidi kwa asilimia 5, na mshale haujui. Unasoma 80, unakwenda 84. Namba za kiwandani, pamoja na upepo unaotakiwa, zimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo nguzo ya mlango wa dereva. Pima upepo asubuhi kabla gari haijatembea, maana tairi ikishapata moto inasoma juu. Tairi iliyokwisha nayo inafanya kinyume: kipenyo kinapungua kama asilimia 2 na mshale unazidisha kidogo.

Programu za simu zinazosoma setilaiti ni nzuri ukienda mwendo mmoja kwenye njia iliyo wazi. Zinachelewa kidogo ukipunguza au ukiongeza ghafla, na chini ya miti mikubwa, kama pale njia inapopita msitu wa Jozani au Ngezi, namba huruka. Usizitegemee hapo.

Neno kwa walionunua gari zilizotoka Uingereza: mshale huo unasoma maili. 30 ya maili ni 48, 50 ni 80, 60 ni 97. Bandika karatasi ndogo yenye namba hizi karibu na saa mpaka uzizoee.

Kamera za wastani: zinavyofanya kazi, na anayezikuta afanye nini

Jamaa zetu wengi wanaendesha nje, na wengine huenda kutembea wakaazimwa gari na ndugu. Huko watakutana na kamera zisizofanana na tochi ya trafiki.

Tochi inapima mwendo wa papo pale ulipo. Ukiiona mapema, au gari ya mbele ikikupigia taa, unapunguza, unapita, unaongeza tena. Kamera za wastani zinafanya kazi mbili mbili. Ya kwanza inasoma namba ya gari na kuandika saa. Ya pili, iliyo mbali mbele, inasoma namba ile ile na kuandika saa nyingine. Umbali baina yake umepimwa na unajulikana. Kompyuta inagawa, na imekwisha. Usiku zinatumia mwanga usioonekana kwa macho, kwa hiyo giza halimfichi mtu. Uingereza iliidhinisha mfumo wa namna hii 1999. Italia iliufunga kwenye barabara zake za kasi tangu 2005. Skotlandi, baada ya kuujaribu kwenye barabara ya A77, iliuweka kwenye A9 baina ya Dunblane na Inverness Oktoba 2014. A9 ni barabara kuu ya mashamba na milima, zaidi ya kilomita 200, sehemu njia moja kwenda na moja kurudi, sehemu njia mbili mbili.

Kwenye barabara ile gari ndogo imeruhusiwa maili 60 kwa saa pale palipo na njia moja na maili 70 palipo na njia mbili zilizotenganishwa. Basi dogo lenye viti vya abiria zaidi ya vinane ni 50 na 60. Mwenye kuazima gari ya familia ya viti vingi lazima alijue hili, wengi hulikosa. Kwa malori ya zaidi ya tani 7 na nusu, kamera zilipowashwa kikomo cha pale palipo na njia moja kilipandishwa kutoka maili 40 hadi 50, ili gari ndogo zisijazane nyuma yake zikitafuta pa kupita. Uamuzi huo tunaupenda. Wengi wanaopita kwa hatari wamechoshwa na lori lililo mbele, na kamera peke yake haiondoi uchovu huo.

Wanaoendesha kwenye barabara ile huzungumzia mambo matatu. Msafara unakwenda sawa, gari hazirukiruki. Anayepita kwa haraka hafaidiki, maana akimaliza kupita inambidi apunguze. Na la tatu ni kero: macho hushuka kwenye mshale kila mara, akili ikachoka. Dawa ya hilo la tatu ni kuweka kishika mwendo cha gari (cruise control), kama kipo, maili mbili chini ya kikomo, au kutafuta gia inayoifanya injini ilie sauti moja na kuisikiliza sauti badala ya kutazama mshale.

Makosa yanayojirudia ni haya.

Kufunga breki chini ya kamera. Haipunguzi chochote, maana mita 50 za mwendo mdogo ndani ya kilomita 10 hazionekani kwenye hesabu, na aliye nyuma anaweza kukugonga.

Kulipa deni njiani. Tuseme kikomo ni 80 na kipande ni kilomita 10, wewe umekwenda kilomita 6 kwa 100. Umetumia dakika 3 na sekunde 36. Ili usizidi wastani, kilomita 4 zilizobaki lazima uzitumie dakika 3 na sekunde 54, yaani utambae kwa 61 njia nzima, watu wakikupigia honi nyuma. Umekimbia bure, umetambaa bure, umefika saa ile ile. Na askari mwenye tochi angeweza kukukamata kwenye ile 100.

Kudhani kubadilisha upande wa njia kunaichanganya kamera. Usitegemee kabisa.

Kudhani gari ni ya mtu, kwa hiyo faini haitakufikia. Uingereza barua hupelekwa kwa aliyeandikishwa kuwa mwangalizi wa gari, kwa kawaida ndani ya siku 14, na sheria inamlazimisha amtaje aliyekuwa anaendesha. Utakuwa umerudi Chake, na ndugu yako ndiye anayejibu barua. Mwambie kabla hujaondoka ukijua umekosea.

Kurudi nyumbani: kugawa njia

Huku vibao ndivyo vya kufuata. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri barabarani, Namba 7 ya 2003, kwa hiyo aliyezoea Bara, ambako makazi ni 50 na gari zinazozidi tani 3 na nusu mwisho wake ni 80, asije na hesabu za Bara kichwani. Asome kibao kilicho mbele yake. Na pasipokuwa na kibao kijiji kikaonekana, achukulie ni 50.

Ili upange safari, igawe njia kwa vipande vya aina tatu: penye watu wengi, penye vijiji vilivyoachana, na penye shamba tupu. Bububu hadi Mkokotoni kupitia Mahonda ni kilomita 31. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, 6 ni penye watu wengi kwa 30, 10 ni vijiji kwa 45, na 15 ni wazi kwa 70. Inakuja dakika 12, dakika 13 na sekunde 20, na karibu dakika 13. Jumla ni dakika 38, wastani 49. Sasa dereva mwenye haraka apandishe kile kipande cha wazi kutoka 70 hadi 95. Ataokoa dakika 3 na sekunde 23 kwenye safari nzima. Aliyeondoka dakika tano mapema amemshinda.

Chake hadi Wete kwa njia ya kilomita 22 ni hivyo hivyo: 60 ni dakika 22, 80 ni dakika 16 na nusu. Dakika tano na nusu ndizo zote zinazogombaniwa, na hizo ni kwa aliyeweza kushika 80 bila kusimama hata mara moja, jambo ambalo Pemba halipo.

Matuta

Watu hulalamika matuta yanawachelewesha. Yanamchelewesha anayekimbia zaidi. Gari inayotoka 80, ikashuka hadi 15, ikarudi 80 kwa upole, inapoteza kama sekunde 9 kwa kila tuta. Inayotoka 60 inapoteza kama sekunde 5 na nusu. Matuta kumi yanamla wa 80 dakika moja na nusu, wa 60 chini ya dakika moja. Zaidi ya hapo, kila kuongeza ni mafuta na kila kufunga ni viatu vya breki. Anza kuinua mguu mita 150 kabla, iache gari ipungue yenyewe, breki uiguse mwishoni tu, na uiachie kabla ya gurudumu la mbele kulipanda tuta. Ukilipanda na breki imefungwa, pua ya gari iko chini, shokomzoba na bushi za mikono ndizo zinazobeba kipigo chote.

Matuta ya Jozani, njia ya Paje, yana sababu yake. Kima punju wanavuka pale kutoka msituni kwenda kwenye mashamba, na walikuwa wakigongwa sana kabla matuta hayajawekwa. Ni mnyama asiyepatikana porini popote duniani isipokuwa kwetu. Wanavuka kwa kundi: akipita mmoja, ngoja, nyuma yake wapo wengine na mama mwenye mtoto aliyening'inia tumboni kwake.

Kumpita aliye mbele

Hapa tunaomba usome polepole. Gari ya mbele inakwenda 60, wewe 80. Kila sekunde unaikaribia kwa mita 5 na nusu tu. Ukianza mita 30 nyuma yake na kurudi upande wako mita 30 mbele yake, pamoja na urefu wa gari zote mbili, unahitaji kuvuta mita 70. Hiyo ni karibu sekunde 13. Ndani ya sekunde hizo umekwenda mita 280 upande usio wako. Anayekuja mbele naye akiwa 80 amekuja mita 280. Kwa hiyo lazima uone mita 560 za njia tupu kabla hujatoka, na akiba juu yake, tuseme 700. Kwenye njia nyingi za Pemba, zenye kona na miinuko iliyofuatana, mita 700 za kuona mbele hazipo. Kwa hiyo usipite. Ukibaki nyuma ya 60 kwa kilomita 5 umechelewa dakika moja na robo.

Gari ya ng'ombe, baskeli yenye mzigo wa majani na mkokoteni ni habari nyingine, vinapitika kwa umbali mfupi. Tatizo lake ni jioni, kwa kuwa havina taa. Magharibi ikishaingia shusha mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya mwanga wa taa zako za chini, ambazo kwenye gari nyingi za zamani hazifiki mita 50. Kwenye njia kavu hiyo ni 60 kwa ukomo wake, na kioo cha taa kikiwa kimekuwa cha manjano, chini ya hapo.

Milima ya Pemba, mvua na karafuu

Kwenye mteremko mwendo unaongezeka bila mguu, na dereva anaulipa kwa breki. Breki zikishikwa mfululizo zinapata moto na zinaacha kukamata, hasa gari ikiwa na mzigo. Shuka kwa gia. Gari ya gia za mkono, tumia gia ile ile ambayo ingekupandisha mlima huo. Ya otomatiki, zima O/D (gia ya juu kabisa), na mteremko ukiwa mkali weka 2 au L, au S kwa zilizo nayo. Ingiza gia kabla mteremko haujaanza. Kishika mwendo usikitumie kwenye milima wala kwenye mvua: gurudumu likiteleza juu ya maji kinaweza kuongeza nguvu badala ya kupunguza.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, maana mafuta na vumbi vilivyokuwa vimelala juu ya lami vinaelea kabla havijasafishwa. Kwa masika, Machi hadi Mei, ongeza robo ya muda kwenye kila safari.

Msimu wa karafuu, mikeka na majamvi hutandikwa mpaka ukingoni mwa lami, na wanaoanika huinama migongo ikiwa njiani. Hesabu njia imekuwa nyembamba kwa mita moja kila upande. Kanyaga 40 na mguu uwe juu ya breki.

Saa za hatari

Kwenye skuli zenye mikondo miwili, mchana watoto wanaotoka na wanaoingia wanakutana njiani kwa pamoja. Baada yake wanakwenda chuoni. Ukipanga safari, kipande chenye skuli kihesabu kwa 30 saa hizo.

Ramadhani, saa ya mwisho kabla ya futari, inastahili kutajwa peke yake. Dereva ana njaa na kiu tangu alfajiri, ana usingizi wa kuamka daku, na kila abiria anataka awahi nyumbani. Macho na mguu vimechelewa. Safari ya mwisho iondoke dakika 20 mapema kuliko siku nyingine, na gari iwe na maji na tende za kutosha abiria wote, ili adhana ikiwakuta njiani mtu afungue ndani ya gari na asiwepo wa kumhimiza dereva.

Muda unaookoleka ni wa vituoni

Dereva wa gari ya abiria anakimbia kwa sababu ya hesabu ya tajiri. Hilo tunalijua, na hatulipuuzi. Lakini pima vituo kwa saa ile ile ya simu. Kituo kimoja cha kupanda na kushuka kikichukua sekunde 70 badala ya 40, na njiani vipo 15, umepoteza dakika 7 na nusu. Hizo ni sawa na kilomita 10 nzima kwa 80. Hakuna mbio za njiani zinazorudisha muda huo kwa usalama.

Konda akusanye nauli gari ikiwa inatembea, awe na chenji ya noti ndogo tangu asubuhi, awaulize wanaoshuka kabla kituo hakijafika ili wasogee mlangoni, na mizigo ya wanaoshuka mwanzo ipakiwe mwisho. Ndoo za samaki na magunia ya muhogo vikae nyuma, visizibe mlango. Kwa mpango huu tu gari inaweza kushusha spidi yake ya juu kutoka 95 hadi 75 na isipoteze safari hata moja kwa siku.

Wa watalii na wa wasafiri wa boti, hesabu uanze mwisho. Boti ya Mkoani inaondoka saa fulani: toa muda wa kuwepo bandarini, toa muda wako mbaya kuliko wote uliopima kutoka Konde au Wete, toa robo saa ya pancha, kisha umwambie mgeni saa ya gari kuanza kutembea. Usimwambie saa ya boti kuondoka.

Daftari la gari

Weka daftari ndani ya gari kwa wiki mbili. Kila safari andika tarehe, saa ya kuondoka, kipande, dakika, wastani, spidi kubwa kabisa iliyofikiwa, na kama njia ilikuwa kavu au imelowa. Mwisho wa wiki ya pili pitisha kidole kwenye safu ya spidi kubwa na safu ya wastani. Utaona siku ya 100 na siku ya 75 zimeachana kidogo sana kwenye wastani.

Ongeza safu ya mafuta. Jaza tangi mpaka mdomo wa pampu ujikate wenyewe, mara moja, usiongezee. Tembea wiki ya kwanza kama ulivyozoea, rudi kituo kile kile na pampu ile ile, gari ikiwa imesimama upande ule ule, jaza tena mpaka ijikate, andika lita na kilomita. Wiki ya pili usizidi 75 popote, upepo wa tairi na mzigo viwe vile vile. Gawa kilomita kwa lita kwa kila wiki, na karatasi hiyo mwonyeshe tajiri kabla ya kuzungumza naye hesabu ya mwezi.